Kiwanja Kimoja, Watumiaji Wengi: Shule ya Msingi kama Mali ya Pamoja Tanzania Bara, 1967–1986

Katika miaka ya 1970 shule ya msingi ya kijijini Tanzania Bara ilikuwa na watumiaji wa aina nyingi kuliko karibu jengo jingine lolote la umma. Asubuhi ilikuwa ya watoto. Alasiri madawati yale yale yalikaliwa na wazazi wao, wengi wao wanawake waliotoka shambani, wakijifunza kusoma mbele ya ubao uliokuwa na hesabu za darasa la tatu saa chache kabla. Siku ya uchaguzi darasa liliweza kugeuka kituo cha kupigia kura. Siku ya mkutano wa hadhara uwanja wa mpira ulipokea kijiji kizima. Mara nyingi hapakuwa na uzio, na njia ya kwenda kisimani au sokoni ilikatiza katikati ya kiwanja kama ilivyokatiza kabla ya shule kujengwa.

Historia ya elimu ya kipindi hicho imeandikwa zaidi kwa kufuata mitaala, idadi ya walioandikishwa na mabadiliko ya sera. Kiwanja chenyewe, yaani majengo, vyoo, shamba, mti wa kivuli na kengele iliyotundikwa juu yake, hutajwa kama mandhari tu. Insha hii inakichukua kiwanja kuwa kiini cha uchunguzi. Swali lake ni dogo kwa umbo: mahali pa watu wengi palitunzwa na nani, na kwa nini palitunzwa wakati fulani na kuachwa wakati mwingine? Hoja inayotetewa ni kwamba wajibu wa watumiaji haukufuata wito wa viongozi wala ukali wa adhabu. Ulifuata kauli. Pale ambapo mtumiaji alikuwa na kauli juu ya mahali alipopatumia, hata kauli ndogo, alielekea kupatunza. Pale alipopewa kazi bila kauli, au nafasi ya kutumia bila kazi, utunzaji ulimwangukia mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto mwenye fagio.

Kipindi kinachoshughulikiwa kinaanza na kutolewa kwa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 na kukoma mwaka 1986, mwaka ambao takwimu za taifa za wasiojua kusoma na kuandika zilifikia kiwango cha chini kabisa katika historia ya nchi, na ambao serikali iliingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yaliyobadili namna huduma za jamii zilivyogharimiwa.

Urithi wa kabla ya 1967

Tanganyika ilirithi kutoka kwa ukoloni viwanja vya shule vya aina kadhaa. Palikuwa na shule za serikali, shule za mamlaka za wenyeji, na shule za misheni, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi. Shule ya misheni aghalabu ilisimama katika eneo moja na kanisa, nyumba ya padri au mchungaji, na pengine zahanati. Lilikuwa eneo la pamoja kwa maana halisi, lakini mwenyewe alijulikana: misheni. Aliyetaka kukata mti au kuchota maji alijua amwombe nani.

Katika shule za bweni za sekondari hali ilikuwa tofauti kidogo. Wanafunzi walikuwa na viranja, mabweni yenye majina na mashindano ya usafi baina yao, desturi zilizochukuliwa kutoka shule za Uingereza. Lakini nyuma ya desturi hizo walikuwapo wapishi, wafagiaji na watunza bustani waliolipwa mshahara. Mwanafunzi alifagia kama mazoezi ya tabia au kama adhabu. Hakufagia kwa sababu pasipofagiliwa pangebaki pachafu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo iliyomsumbua Julius Nyerere, aliyekuwa mwenyewe mwanafunzi wa Tabora katika miaka ya 1930 na 1940, alipokaa kuandika juu ya elimu mwanzoni mwa mwaka 1967.

Wazo la 1967

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulitoka wiki chache baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, na miezi michache baada ya maandamano ya wanafunzi wa elimu ya juu ya Oktoba 1966 dhidi ya masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliishia kwa wanafunzi karibu 400 kurudishwa makwao. Kwa hiyo unasomwa kwa kawaida kama jibu kwa kiburi cha wasomi. Usomaji huo ni sahihi lakini haukamiliki. Sehemu kubwa ya waraka inahusu jambo la karibu zaidi na ardhi: namna jumuiya ya shule inavyopaswa kuishi mahali pake.

Nyerere alitaka shule iwe jumuiya ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, yenye uhusiano unaofanana na ule wa familia. Alikosoa matumizi ya wapishi, wafagiaji na watunza bustani kwa kazi ambazo vijana wenyewe wangeweza kuzifanya. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, si kama kielelezo cha kuonyeshwa wageni, bali kama riziki yake. Kilicho muhimu zaidi kwa insha hii ni masharti aliyoyaambatanisha na kazi hiyo, ambayo baadaye yalisahaulika upesi kuliko kazi yenyewe. Wanafunzi walipaswa kushiriki katika kupanga. Walipaswa kutunza hesabu za shamba. Walipaswa kuona kwa macho yao kwamba wakilima vizuri watakula vizuri na kuwa na mabweni na vyumba vya burudani vilivyo bora, na wakilima vibaya watateseka wenyewe. Alionya pia dhidi ya amri za kina kutoka juu zilizofanana kwa shule zote, kwa kuwa kila mahali pana udongo wake na mahitaji yake.

Huo ulikuwa mkataba wenye pande mbili: kazi kwa upande mmoja, kauli na matunda kwa upande mwingine. Nguvu ya waraka haikuwa katika kuwapa wanafunzi jembe, maana jembe walikuwa wamelishika katika shule za kikoloni pia, ambako kilimo kilihimizwa tangu miaka ya 1920. Ilikuwa katika kudai kwamba mwenye jembe awe na neno juu ya mavuno.

Kwa shule za msingi waraka ulikuwa na maelezo mafupi zaidi, na ufupi huo ulikuja kuwa na gharama. Watoto wa shule za msingi walikuwa wadogo na waliishi kwao. Ilidhaniwa kwamba kijiji kingewachukua kama sehemu yake ya kawaida, na kwamba wangeshiriki katika shamba la kijiji na kupewa majukumu yanayolingana na umri wao. Nani hasa angeamua nini, kati ya mwalimu mkuu, wazazi, viongozi wa kijiji na watoto, halikufafanuliwa.

Alasiri ya watu wazima

Jaribio kubwa la kwanza la kiwanja cha pamoja halikutokana na shamba. Lilitokana na elimu ya watu wazima. Katika hotuba yake ya tarehe 31 Desemba 1969 Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Jukumu hilo lilikuwa limehamishiwa Wizara ya Elimu ya Taifa, na uamuzi ulifanywa ambao ulibadili maisha ya kila siku ya maelfu ya viwanja: kila shule ya msingi iwe pia kituo cha elimu ya watu wazima, na mwalimu mkuu awe msimamizi wa vyote viwili. Wilaya sita, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam, zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya tarehe 9 Desemba 1971.

Uamuzi huo ulikuwa na busara ya kiuchumi isiyopingika. Nchi haikuwa na uwezo wa kujenga majengo mapya kwa ajili ya watu wazima, na madarasa yalikaa matupu alasiri. Kufikia mwaka 1975 watu wazima zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa. Kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika, kilichokuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986 kwa hesabu za serikali. Hata kama takwimu hizo zitapunguzwa kwa tahadhari, kwa kuwa wako waliofaulu mtihani kisha wakasahau kwa kukosa cha kusoma, hakuna tendo jingine la matumizi ya pamoja ya majengo ya umma katika Afrika Mashariki linalokaribia ukubwa huo.

Takwimu hizo zilihesabu watu. Mahali penyewe pana historia nyingine. Dawati la mtoto wa miaka minane halikutengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Chaki iliyotengwa kwa darasa la kwanza ilikuwa chaki ile ile. Vyoo vilivyochimbwa kwa idadi ya watoto sasa vilihudumia pia watu wazima, na mama aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni alihitaji mahali pa kumlaza. Funguo zilikaa kwa mwalimu mkuu, ambaye sasa siku yake ilianza kabla ya gwaride la asubuhi na kuishia jua lilipokaribia kuzama. Walimu wa alasiri hawakuwa wale wa asubuhi pekee. Walikuwapo pia watu wa kujitolea, baadhi yao wahitimu wa darasa la saba, waliopewa posho ndogo. Kijana wa aina hiyo aliweza kusimama mbele ya baba yake mdogo na mama yake mkubwa akiwafundisha herufi. Kumtarajia awaamuru wafagie darasa kabla ya kuondoka ilikuwa kumwomba avunje adabu.

Hapa ndipo suala la wajibu linapoonekana waziwazi. Elimu ya watu wazima ilikuwa na mfumo mpana wa kamati, kuanzia mkoani hadi kwenye kituo na darasa. Wanakisomo waliweza kusema ni siku gani darasa likutane ili lisigongane na msimu wa kupalilia, na waliweza kueleza walichotaka kujifunza. Kwa jengo, hata hivyo, walikuwa watu wa kupita. Dawati likivunjika, lilikuwa dawati la shule. Na shule, katika lugha ya utawala, ilikuwa ya serikali. Methali inayompa mgeni jembe siku ya tatu, ambayo Nyerere alipenda kuitumia, haikupata nafasi ya kufanya kazi hapa, kwa sababu hapakuwa na mwenyeji aliyekuwa na mamlaka ya kulitoa jembe lenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa mlinzi wa mali. Mwenye mali alikuwa mbali.

Umbali huo uliongezeka kisheria wakati huo huo. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Chombo ambacho wananchi walikichagua, na ambacho kilikuwa na dhamana ya majengo ya shule za msingi, hakikuwapo tena hadi sheria mpya ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilipotungwa na halmashauri kurejea mwaka 1984. Kwa hiyo muongo ambao kiwanja cha shule kilitumiwa na watu wengi zaidi ndio muongo ambao watumiaji walikuwa na njia chache zaidi za kukisemea.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inatoa kipimo cha kulinganisha. Takribani watu milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo kwa majuma kadhaa, wakisikiliza kipindi cha redio, wakisoma kijitabu chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakajadiliana na kuamua wafanye nini katika mazingira yao. Walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba, walifukia madimbwi. Watu hao hawakuwa tofauti na wale walioacha darasa bila kufagiwa. Wengi walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa kwamba kikundi cha redio kiliamua kazi yake chenyewe na kuifanya mahali ambapo matokeo yake yalionekana na kurudi kwa mwenye kuifanya. Inafaa kukubali kwamba kampeni ilidumu muda mfupi, na kwamba choo cha nyumbani si sawa na choo cha watu wote. Hata hivyo mfano unatosha kuondoa maelezo mepesi yaliyozoeleka katika ofisi, kwamba wananchi hawakuwa na mwamko.

Kijiji, zamu mbili na msongamano

Mabadiliko mawili yaliongeza uzito juu ya kiwanja katikati ya miaka ya 1970. La kwanza ni Operesheni Vijiji. Agizo la mwaka 1973 lililotaka watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976 liliwaleta mamilioni ya watu karibu na huduma, na mara nyingi huduma ya kwanza kusimama ilikuwa shule. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kijiji halmashauri yake na kamati, mojawapo ikishughulikia elimu, utamaduni na ustawi wa jamii. Kwenye karatasi, mwenyeji alikuwa amepatikana.

La pili ni uamuzi wa Musoma wa Novemba 1974, ambao uliharakisha elimu ya msingi kwa wote hadi Novemba 1977. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 1.5 mwaka 1975 hadi zaidi ya milioni 3 mwaka 1980. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu walifunzwa kwa haraka wakiwa kazini, na shule nyingi ziliingia katika mfumo wa zamu mbili.

Zamu mbili zilileta aina mpya ya ujirani. Sasa darasa moja lilikuwa na makundi matatu kwa siku: watoto wa asubuhi, watoto wa mchana, na wanakisomo. Makabidhiano yalifanyika kwa kengele tu. Katika shule nyingi kengele hiyo ilikuwa ringi ya gurudumu la gari iliyotundikwa mtini, na mlio wake ulisikika mpaka mashambani, lakini haukuweza kumwambia mtu yeyote ni nani aliyevunja kioo cha saa. Aliyeikuta takataka hakuiacha yeye, aliyeiacha hakuikuta. Desturi ya zamani ya kulifanya kila darasa kuwa na chumba chake, picha zake ukutani na kiranja wake ilidhoofika mara chumba kilipokuwa cha makundi matatu.

Palikuwa na majaribio ya kujibu tatizo hili kwa mpangilio badala ya maonyo. Lililojulikana zaidi ni la Kwamsisi, mkoani Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lililohusishwa na chuo cha ualimu cha Korogwe. Pale ilijaribiwa kuifanya shule na kijiji kuwa kitu kimoja: masomo yachukuliwe kutoka katika shughuli za kijiji, watoto wahesabiwe kama wanakijiji wenye kazi na nafasi, na wanakijiji wawe na sauti katika mambo ya shule. Wazo hilo lilisambazwa katika maeneo mengine kwa jina la shule za jamii, likisaidiwa na mashirika ya UNICEF na UNESCO. Halikuota mizizi kwa upana uliotarajiwa. Wazazi waliuliza swali ambalo wapangaji hawakuwa na jibu lake: mtoto anayetumia asubuhi yake katika shughuli za kijiji atafauluje mtihani wa darasa la saba? Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, chini ya mmoja kwa kila watoto kumi waliomaliza, na mtihani ndio uliokuwa mlango pekee. Mzazi aliyekataa shule ya jamii hakuwa adui wa ujamaa. Alikuwa amesoma mfumo kwa usahihi kuliko waliouandika.

Jembe na ndoo

Wakati huo huo upande wa pili wa mkataba wa 1967, yaani kauli na matunda, ulikuwa ukififia. Musoma ilisisitiza kwamba shule zichangie gharama zake kwa uzalishaji. Hali ya uchumi iliyofuata, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta, iligeuza msisitizo huo kuwa ulazima. Shamba la shule likawa chanzo cha fedha. Uchunguzi mwingi wa kitaaluma wa elimu ya kujitegemea katika kipindi hicho ulifikia maoni yanayokaribiana: wanafunzi walifanya kazi bila kushirikishwa katika mipango, uhusiano wa kazi hiyo na masomo ya darasani ulikuwa mdogo, na mapato yaliamuliwa na watu wazima. Hesabu ambazo waraka ulitaka zitunzwe na wanafunzi zilikaa katika kabati la ofisi.

Lipo jambo moja ambalo nyaraka rasmi hulipita kwa adabu, nalo lastahili kusimamiwa. Kati ya kazi za kiwanja na kazi za nyumba ya mwalimu palikuwa na mpaka mwembamba. Nyumba za walimu zilikuwa ndani ya eneo la shule au jirani yake. Mtoto aliyetumwa kuchota maji ya kumwagilia miche alipita mlango ule ule na aliyetumwa kujaza pipa la mwalimu. Kuni za uji na kuni za jiko la mwalimu zilikatwa katika msitu mmoja. Kazi za maji na usafi ziliwaangukia wasichana zaidi, kama nyumbani, na muda walioupoteza haukuandikwa popote. Mwalimu mwenyewe alikuwa na mshahara uliopungua thamani kila mwaka na shamba lake la kupalilia. Kumlaumu peke yake si haki. Lakini kwa mtoto somo lilikuwa wazi. Kazi iliyoitwa ya pamoja ilikuwa na mnufaika, na mnufaika hakuwa yeye.

Adhabu ilikamilisha mabadiliko hayo. Kufyeka, kuchimba kisiki, kuosha vyoo na kubeba mawe zikawa adhabu za kawaida za kuchelewa au kukosa hesabu. Ni vigumu kufikiria njia ya uhakika zaidi ya kumfundisha mtu kwamba kutunza mahali pa wote ni fedheha. Waraka wa 1967 ulikusudia kuondoa dharau ya kazi za mikono iliyorithiwa kutoka ukoloni. Matumizi ya fagio kama kiboko kingine yalirudisha dharau ile ile kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa jina la kujitegemea. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipitia mfumo mzima wa elimu katikati ya uchakavu wa majengo na uhaba wa vifaa ambao haukuweza kufichwa tena.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikuwa imeagiza kila shule ya msingi iwe na kamati ya shule. Kamati hizo zingeweza kuwa mahali ambapo watoto, wanakisomo na kijiji wangekutana katika suala la kiwanja chao. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki zilikuwa na uwezo wa kushauri na kuhamasisha michango, si wa kuamua. Ziliitwa paa lilipoezuka. Mwenye kualikwa kuchangia bati bila kuulizwa darasa lijengwe wapi hujifunza kukwepa mkutano, na baadhi ya yale ambayo viongozi waliyaita uvivu wa wananchi katika miaka ya 1980 yanaeleweka vizuri zaidi kama kukwepa huko.

Baada ya kipindi

Masuala haya hayakufungwa mwaka 1986. Michango na karo zilirudi katika miaka ya 1980 na 1990, madarasa ya elimu ya watu wazima yalipungua, na alasiri ya kiwanja ikawa tupu tena katika sehemu nyingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, ambao uliondoa karo kwa mara ya pili, ulifanya jambo ambalo miaka ya 1970 haikulifanya: uliipa kamati ya shule akaunti ya benki na dhamana ya kusimamia fedha za ujenzi. Kauli ilipata senti zake, angalau kwa miaka ya mwanzo ya mpango huo.

Mpango huo huo ulizaa ujirani wa namna nyingine, hasa mijini. Shule zilizofurika wanafunzi ziligawanywa kuwa mbili au zaidi ndani ya eneo moja, kila moja na jina lake, mwalimu mkuu wake, kamati yake na kengele yake, huku uwanja wa michezo, bomba la maji na vyoo vikibaki vile vile. Kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kiwango hicho hupimwa kwa kuangalia daftari la uandikishaji la shule. Mahali ambapo madaftari ni mawili na vyoo ni vya pamoja, kamati zote mbili zinaweza kukaa, kila moja ofisini kwake, na kila moja ikaandika kwa ukweli mtupu kwamba vyoo vipo, na kwamba kuvisafisha ni zamu ya majirani.